Mtaro, shimo, tanki au paa: bei ya maji ya mvua katika kiwanja cha Wagenia

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Hesabu hiyo haidai injinia, nayo ndiyo inayopaswa kutangulia devisi, yaani makadirio ya gharama, ya fundi mwashi yeyote. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30, cha garaji, depo ya vinywaji au mahali pa kuoshea magari, kwenye njia inayotoka katikati ya Kisangani kuelekea Wagenia. Kikiwa kimefunikwa chote kwa bati na saruji, mvua moja nzito ya milimita 50 hukiachia lita 30,000, yaani mapipa 150 ya lita 200. Na Kisangani, mji ulio karibu kabisa na ikweta, hupata zaidi ya milimita 1,700 kwa mwaka. Januari na Februari mvua hupungua, lakini haikatiki.

Mwenye kiwanja anayajua maji hayo kwa sababu moja tu: yanamsumbua. Yanaingia dukani, yanachimba lango, yanamletea ugomvi na jirani wa chini. Basi anamwita fundi, fundi anatazama kushoto na kulia, anasema: "Patron, hapa tuweke mtaro mkubwa mpaka mtoni." Patron anauliza bei, wanakubaliana, na hakuna aliyeuliza maji hayo yanabeba nini.

Wagenia swali hilo lina uzito wake. Hapa ndipo penye poromoko la mwisho katika maporomoko saba ya Boyoma ya mto Kongo, ambapo wavuvi husimika magogo katikati ya mwamba na maji ya kasi, wakayafunga kwa kamba za mwituni, wakatundika vikapu vyao vikubwa vyenye umbo la pia. Ni kweli kwamba mitaa ya kati ya mji, komini ya Makiso, iko chini ya maporomoko, na uchafu wake huwafikia watu wengine, si vikapu hivi. Lakini karakana iliyo juu ya mteremko wa Wagenia haina pa kujificha. Mafuta ya vidanji, yaani ya injini yaliyokwisha kutumika, yanayomwagwa mchana juu ya udongo hushuka na mvua ya usiku mpaka mahali watu wanapooga, wanapofulia na kuvua. Na maji ya kisima cha jirani hayatofautishi mafuta ya bahati mbaya na mafuta ya uzembe.

Kwa hiyo mwenye biashara ndogo ana mambo mawili ya kulipia, na mafundi wengi huyachanganya kuwa moja: wingi wa maji, na uchafu wa maji. Ninachotaka kuonyesha kwa hesabu ni kwamba anayeyachanganya hulipa mara nne au tano zaidi. Maji ya bei rahisi kuliko yote ni yale ambayo hayakugusa uchafu.

Neno juu ya bei. Sitatoa bei kwa faranga wala kwa dola, kwa sababu bei ya Kisangani ni bei ya njia. Saruji inayotoka Kongo Central hupanda mto kwa boti, safari ya kilomita zaidi ya 1,700 kutoka Kinshasa. Inayotoka Uganda huja kwa malori kupitia Komanda, Mambasa na Bafwasende, na barabara ikiharibika, bei inajua. Nitahesabu kwa mifuko ya saruji ya kilo 50. Msomaji atazidisha kwa bei ya siku anayoikuta dukani. Mchanga, mawe na kokoto vya hapa hapa mjini nitavitaja pembeni, maana huko jasho ndilo lenye bei kubwa.

Mtaro: mkubwa si lazima uwe bora

Tuanze na kile ambacho kila fundi atakuuzia. Mvua ya ikweta inaweza kunyesha kwa kasi ya milimita 100 kwa saa katika dakika zake za hasira. Kwa kiwanja chetu cha mita za mraba 600, kikiwa na bati na saruji kila mahali, hiyo ni takriban lita 15 kwa sekunde, baada ya kutoa kinachorukia nje. Kumbuka namba hiyo.

Mtaro wa mawe na saruji wenye upana wa sentimita 50 na kina cha 50, wenye mteremko wa sentimita moja kwa kila mita, hupitisha zaidi ya lita 300 kwa sekunde. Ni mtaro wa mtaa mzima. Ukiujenga ndani ya kiwanja chako peke yako, umenunua lori kwa ajili ya kubeba ndoo. Mtaro wa sentimita 30 kwa 30, kwa mteremko uleule, hupitisha karibu lita 90 kwa sekunde. Bado ni mara sita ya unachohitaji, na ziada hiyo ndiyo nafasi ya tope, majani na chupa za plastiki.

Tofauti ya bei ni hii. Mtaro wa 50 kwa 50, wenye kuta za mawe, sakafu na plasta, hula mfuko mmoja na robo kwa kila mita. Wa 30 kwa 30 hula kama nusu mfuko na kidogo. Kwa mita 40 za mtaro unaozunguka kiwanja, huo mkubwa ni mifuko 50, mdogo ni kama 24. Fundi akisisitiza ule mkubwa, mwulize maji yatatoka wapi ya kuujaza. Kama jibu ni kwamba maji ya majirani wa juu nayo yatapita humo, basi majirani wa juu nao wachangie saruji.

Mfuniko wa zege ni suala jingine. Kuufunika mtaro mkubwa huongeza zaidi ya nusu mfuko kwa mita, pamoja na nondo. Funika penye lango na penye njia ya watu tu. Kwingine uache wazi, kwa sababu mtaro usioonekana ndani hausafishwi, na mtaro usiosafishwa ni ukuta uliolala chini. Kwa sababu hiyohiyo sipendi buzi, mabomba ya zege ya kuzika ardhini, ingawa zinapendeza macho na fundi huzisifu. Buzi ikizibwa na mifuko ya plastiki, huwezi kuingiza sepeto. Iweke chini ya lango ambapo malori hupita, mita nne au tano, basi. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kwa dekreti ya Desemba 2017. Anayesafisha mitaro siku ya salongo, kazi ya usafi ya pamoja, anajua dekreti hiyo imefika wapi.

Mtaro wa udongo mtupu haugharimu saruji hata kijiko. Kwenye ardhi tambarare, wenye nyasi kingoni, unafaa kabisa, tena unaacha sehemu ya maji inyweke njiani. Kwenye mteremko ni hatari: mvua mbili tatu, na mfereji wa koleo moja umekuwa korongo linalokula ukuta wa jirani. Mahali pa namna hiyo panda nyasi za vetiva kwa kuukata mteremko, mche kwa mche, sentimita 10 hadi 15 kutoka mmoja hadi mwingine. Mizizi yake huteremka chini mita mbili hadi tatu, nayo haiombi nondo. Mwaka wa kwanza itataka kulindwa na mbuzi na miguu ya watu.

Kitu kimoja cha bei ndogo ambacho devisi nyingi hukisahau: sanduku la tope mwishoni mwa mtaro, kabla maji hayajatoka kwako. Sentimita 60 kila upande, na mbele yake wavu wa nondo zilizoachana sentimita tatu. Humo mchanga unatua na chupa zinakwama. Hakuna mtaro unaostahili kulipiwa bila hicho.

Uwanja: saruji ambayo hukuhitaji kuinunua

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na ndipo watu hupaonea fahari zaidi. Uwanja uliomwagwa zege ni alama ya biashara iliyofanikiwa. Lakini mita za mraba 300 za zege, nusu tu ya kiwanja chetu, kwa unene wa sentimita 10, ni mita za ujazo 30. Kwa mifuko saba kwa kila mita ya ujazo, hiyo ni mifuko 210. Na ukishamaliza kuilipa, umejitengenezea paa jingine chini: kila tone linaloanguka juu yake linakimbia.

Ukitandaza kokoto kwa unene uleule juu ya lateriti iliyoshindiliwa, utahitaji mita za ujazo 30 za kokoto, pengine za kupondwa kwa nyundo, na hakuna mfuko hata mmoja wa saruji. Sehemu kubwa ya mvua itazama au kuchelewa humo. Kiwanja kilichobaki nusu kokoto hutoa maji pungufu kwa zaidi ya robo ukilinganisha na kile kilichosakafiwa chote. Mtaro wako unapumua, jirani wa chini anapumua.

Kokoto ina kasoro zake. Lori zito hulizamisha tandiko hilo katika udongo wa mfinyanzi, na kila mwaka utaongeza. Na pale mafuta yanapodondoka, kokoto ni mahali pabaya kabisa, kwa sababu inayameza na kuyaficha. Kwa hiyo zege iwekwe pale penye uchafu, kokoto iwekwe penye usafi. Watu wengi hufanya kinyume: wanasakafia mbele, wateja wanapoonekana, na kufungua injini nyuma juu ya udongo.

Uchafu: hapa usipoteze akili

Mafuta huelea juu ya maji, na ndiyo maana shimo la kutenga mafuta linawezekana. Ni shimo la vyumba vitatu. Cha kwanza hutuliza tope, cha pili huacha mafuta yapande juu, cha tatu huchukua maji kutoka chini kwa bomba lililopinda, ili mafuta yabaki nyuma. Hakuna mashine, hakuna umeme, na hilo ni jambo la kushukuru katika mji ambao umeme wa SNEL haumngoji mtu.

Lakini mafuta yanahitaji muda wa kupanda. Matone yenye ukubwa wa sehemu ya saba ya milimita hupanda kama sentimita nane kwa dakika. Ukikokotoa, kila lita moja kwa sekunde inayoingia shimoni inadai takriban mita moja ya mraba ya uso wa maji, ukiweka na akiba kidogo. Sasa rudi kwenye ile namba. Ukiacha mvua ya kiwanja kizima ipite shimoni, lita 15 kwa sekunde, utahitaji shimo lenye uso wa mita za mraba 15: mita tatu kwa tano. Sakafu, kuta, plasta na mfuniko wake ni zaidi ya mifuko 50 ya saruji, mbali na nondo nyingi za kuubeba mfuniko wa mita tatu, mbali na kuchimba mita za ujazo 20 za udongo katika mahali ambapo mwamba hauko mbali. Hakuna mwenye garaji ndogo atakayelijenga. Basi linajengwa dogo, mvua ya kwanza inalisukuma, na mafuta ya wiki nzima yanaondoka kwa dakika moja. Hapo mtu amelipa ili mafuta yakusanyike vizuri kabla ya kwenda mtoni.

Njia ya pili ni kutenga kabla ya kusafisha. Chagua sehemu moja ya kazi chafu: mita nne kwa sita, inayotosha gari moja na watu wake. Isakafie zege, ni kama mifuko 17. Izungushie ukingo wa sentimita 15, wenye mgongo mdogo wa kupitisha magurudumu, mifuko mitatu. Ukingo huo ndio saruji yenye thamani kuliko yote katika makala haya. Maji ya nje hayaingii, maji ya ndani hayatoki ila kwa tundu moja. Hata mvua ile ya milimita 100 kwa saa ikipiga juu ya mita za mraba 24, inatoa lita 0.67 tu kwa sekunde. Shimo la vyumba vitatu lenye urefu wa mita mbili, upana wa sentimita 80 na kina cha mita moja linaimudu. Mifuko yake ni 11 au 12, pamoja na mfuniko.

Mifuko 12 badala ya 50 na zaidi. Kilichobadilika ni ukingo tu.

Ukiongeza paa juu ya sehemu hiyo, kama bati 14 za mita tatu na mbao za hapa hapa mkoani Tshopo, mvua haiingii kabisa, na shimo linapokea maji ya kuoshea peke yake. Faida ya pili ya paa hupatikana siku yenyewe ya mvua: kazi haisimami. Katika mji unaonyeshewa namna hii, nadhani paa litarudisha gharama yake kwa siku za kazi zilizookolewa kabla halijarudisha kwa usafi wa mto. Tena si jambo la Kongo tu. Marekani, ambako tangu 1990 viwanda vinatakiwa kuwa na kibali cha maji yao ya mvua, moja ya hatua za mwanzo wanazoagizwa ni hiyohiyo: ondoa uchafu katika njia ya mvua, funika, tenga.

Waosha pikipiki, ambao ni wengi kuliko waosha magari, wana hesabu ndogo zaidi. Sakafu ya mita tatu kwa tatu, unene wa sentimita nane, ni mifuko mitano. Shimo lao linaweza kuwa nusu ya lile la gari. Vijana watano wakichanga, ni mfuko mmoja kila mtu kwa sakafu na mmoja na nusu mwingine kwa ukingo na shimo.

Kuna gharama isiyoandikwa katika devisi: utunzaji. Mafuta ya juu yachotwe kila wiki, tope litolewe kila mwezi au mapema kuliko hapo. Shimo lisilochotwa halitengi kitu. Kabla hujajenga, taja jina la mtu atakayechota, na pipa litakalopokea. Mafuta ya vidanji yawekwe katika pipa lenye kifuniko, chini ya paa, juu ya sakafu. Maseremala huyataka kwa kupaka mbao dhidi ya mchwa, na wenye misumeno kwa minyororo yao, kwa hiyo huna sababu hata ya kibiashara ya kuyamwaga. Yakimwagika, usiyafukuze kwa maji. Nyunyizia unga wa mbao, ambao katika mji huu wa wapasua mbao haukosi, acha unywe, kisha ufagie na kuuweka pipani. Gharama yake ni ufagio. Na wale vijana wa petroli ya chupa, tunaowaita Kadhafi, wangefanya vizuri kuweka meza zao juu ya sinia la bati lenye kingo na mchanga ndani.

Shimo la kunywea maji

Mafundi wengine, hasa kwa kiwanja kisicho na mtaro wa barabara karibu, hupendekeza shimo la kunywea: chimba, jaza mawe, elekeza maji humo, sahau. Hesabu haiko upande wao. Shimo la kipenyo cha mita moja na nusu na kina cha mita mbili lina nafasi ya mita za ujazo tatu na nusu. Likijazwa mawe, nafasi inabaki kama moja na nusu. Mvua yetu ya milimita 50 ilileta 30. Ungehitaji mashimo ishirini na zaidi.

Linafaa kwa jambo moja: maji safi yaliyofurika kutoka tanki la paa, kidogo kidogo, penye udongo wa kichanga. Lipime kabla ya kulilipia. Chimba tundu la kina cha sentimita 50, lijaze maji, yaache yazame, lijaze tena, kisha tazama baada ya saa moja. Yakiwa yameshuka vidole viwili tu, pesa zako ziende kwingine. Karibu na ukingo wa mto usijaribu kabisa: mwamba uko juu na maji ya mto hupanda. Januari 2024 mto Kongo ulifika mita 6.20 kwenye kipimo cha Kinshasa, karibu sawa na kilele cha 1961 cha mita 6.26, na mafuriko yaliifikia Tshopo pia. Shimo lililo chini ya alama ya mafuriko halinywi, linatapika. Onyo hilohilo linahusu shimo la kutenga mafuta: mto ukiingia humo, utayabeba yote yaliyotengwa. Lijenge sehemu ya juu ya kiwanja.

Na maji ya garaji yasiingie katika shimo la kunywea hata siku moja. Kisima cha watu kiwe angalau mita 30 mbali na shimo lolote la maji machafu, na mafuta yanaweza kusafiri mbali kuliko vijidudu vya choo.

Tanki: mali iliyo juu ya bati

Nimeliacha tanki mpaka sasa kwa sababu ndilo pekee linalolipa kwa maji yenyewe. Paa la mita za mraba 200, baada ya kutoa kinachorukia nje na kinachovuja, hukupa zaidi ya lita 270,000 kwa mwaka. Pikipiki moja ikioshwa kwa ndoo mbili za lita 20, hizo ni pikipiki zaidi ya 6,700. Anayenunua maji kwa madumu au kwa bili ya REGIDESO, shirika la maji, aweke bei yake hapo.

Wenzetu wa Dodoma, wenye miezi mingi bila tone, hulazimika kujenga tanki kubwa ajabu ili maji yafike mwisho wa kiangazi. Kisangani tanki dogo linatosha kwa sababu hujazwa tena na tena. Mvua ya milimita 30 hivi juu ya paa hilo inajaza tanki la lita 5,000. Unaweza kununua la plastiki, jepesi, linalofungwa siku hiyohiyo, ambalo bei yake imebeba safari yote ya mto au ya barabara. Unaweza kujenga la saruji na wavu wa chuma kwa karibu mifuko kumi na fundi mwenye mkono mzuri. Litadumu, lakini fundi huyo si kila fundi. Au uunganishe mapipa, na kwa lita 5,000 utahitaji 25, yenye kutu na maungio 25 ya kuvuja. Kwa mwosha pikipiki anayeanza, mapipa manne yanatosha kuanzia. Kwa wengine wote ningechukua la plastiki, na kuliinua mita moja juu ya mawe ili maji yashuke yenyewe bila pampu.

Tanki halitazuia mafuriko ya mvua kubwa. Lita 5,000 kati ya 30,000 si nyingi. Kazi yake ni kupunguza na kulipa. Maji yanayolifurika yaende mtaroni kwa bomba lake, bila kupita kwenye sakafu chafu.

Sheria na mlango wa ofisi

Sheria ya mazingira ya Julai 2011 imeweka kanuni kwamba anayechafua ndiye alipaye, na sheria ya maji ya Desemba 2015 inalinda mito na visima. Mradi mkubwa hudai uchunguzi wa athari unaopitia Wakala wa Mazingira wa Kongo, ACE. Mitaro ya barabara za mji iko chini ya OVD, ofisi ya barabara na mifereji. Garaji ya mita nne kwa sita haiendi mbali hivyo, lakini kabla ya kuunganisha mtaro wako na wa barabara, pita kwenye komini na OVD, uombe karatasi. Ukilipa ada yoyote, dai risiti inayotaja kazi. Ada ya "mazingira" isiyo na risiti haijawahi kuchota mafuta shimoni.

Ningenunua nini

Kwa mwenye garaji ya kawaida, mita za mraba 600, ningeanza na sakafu ya mita nne kwa sita, ukingo wake na shimo la vyumba vitatu: mifuko 32. Kisha paa juu yake. Kisha mifereji ya bati na tanki la lita 5,000. Mtaro wa 30 kwa 30 ufuate, mita zile tu ambazo maji bado yanasumbua, na sanduku la tope mwishoni. Uwanja uliobaki ni kokoto. Jumla, kwa mita 20 za mtaro, ni mifuko kama 45 hivi, chini ya robo ya ile 210 ambayo jirani yake ameimwaga uwanjani ili magari ya wateja yasikanyage udongo.

Mwenye depo ya vinywaji asiye na mafuta aruke shimo, aanze na tanki na kokoto. Mpasua mbao aweke paa juu ya unga wa mbao na ukingo kuuzunguka. Unga huo ukioza majini hunyonya hewa ambayo samaki huitaka.

Kazi ya saruji ipangwe Januari na Februari, mvua zinapolegea. Zile za Aprili na za Oktoba hazimngojei fundi. Chukua devisi tatu, na katika kila moja dai ziandikwe idadi ya mifuko, mita za mtaro na mteremko wake. Fundi asiyeweza kukuambia mteremko, asikujengee. Na kabla ya mfuko wa kwanza kununuliwa, nenda ukamwone jirani wa chini, mkubaliane maji yatatokea wapi.